Namba mpya, injini safi, kilomita chache: dhana zinazowaponza wanunuzi wa magari

Gari la mkononi hapa kwetu Tanzania huuzwa kwa macho. Dalali anataja herufi ya namba, anafungua boneti inayong'aa, anawasha injini, na papo hapo mnaanza kuongea bei. Inauma kuona mtu akimaliza akiba ya miaka kwa gari ambalo nusu saa ya ukaguzi ingetosha kumwonya. Mengi ya kuangalia hayagharimu hata shilingi.

"Ni namba E, bado jipya hilo"

Herufi ya namba, ambayo huenda kwa mpangilio wa alfabeti, inaonyesha gari lilisajiliwa lini nchini. Haisemi lilitoka lini kiwandani wala limetumika kiasi gani huko Japani. Toyota IST ya umbo la kwanza iliacha kutengenezwa mwaka 2007, na bado zipo barabarani zenye namba D. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi, kisha vuta mkanda wa siti hadi mwisho, maana magari mengi yana kitambaa kidogo chenye tarehe kimeshonwa chini yake. Mkanda huohuo ukikutwa na mstari wa tope, na reli za siti zina kutu, shuku kwamba gari limewahi kuingia maji ya mafuriko.

"Kilomita ni 68,000 tu"

Dashibodi ya kidijitali hurudishwa nyuma kwa kifaa kidogo, tena kwa dakika chache. Raba za pedali, ngozi ya usukani na siti ya dereva ni vigumu zaidi kuzidanganyia. Tafuta pia stika za Kijapani za kubadilisha oili, mlangoni au chini ya boneti, kwa sababu mara nyingi zimeandikwa kilomita za siku hiyo. Kama gari limetoka mnadani Japani, omba karatasi ya mnada. Daraja la R au RA maana yake limewahi kugongwa na kutengenezwa.

"Injini safi, inawaka kwa mguso mmoja"

Hapa ndipo wengi wanapoumia.

Injini iliyooshwa leo asubuhi haionyeshi inapovuja. Vumbi kavu lililotanda sawasawa ni shahidi mzuri kuliko mng'ao, kwa kuwa oili ikivuja huacha alama juu ya vumbi hilo. Na injini iliyopashwa moto kabla hujafika huficha mambo mengi: kugonga kwa chuma wakati wa kuwasha, misi (injini kukatakata) ya asubuhi, moshi wa kwanza. Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kulikuta gari la baridi. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine.

Injini ikiwa baridi kabisa, na iwe baridi kweli maana maji ya moto ya rejeta huunguza vibaya, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yenye rangi ya kutu yanakuambia gari limekuwa likijazwa maji ya bomba badala ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini. Utando wa mafuta juu ya maji, au mapovu yasiyokoma baada ya kuwasha, huelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Chomoa na kijiti cha oili: oili iliyogeuka kama maziwa imechanganyika na maji. Povu dogo chini ya kifuniko pekee, hasa sehemu za baridi kama Njombe, linaweza kuwa unyevu wa kawaida, kwa hiyo kijiti ndicho kiamue.

Lipo jambo ambalo wanunuzi wachache hulikagua, nalo ni thamostati, kivalvu kinachozuia maji ya rejeta hadi injini ipate joto. Gari likianza kuchemsha, baadhi ya mafundi huitoa na kuunganisha feni moja kwa moja. Gari linaacha kuchemsha kwenye foleni, linauzwa, na ugonjwa wenyewe umebaki: rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka au gasketi iliyoungua. Mmiliki mpya anakuja kuugundua akipanda mlima Kitonga na familia ndani. Zima AC, weka swichi ON bila kuwasha injini, usikilize. Injini ikiwa baridi na feni zikaanza kuzunguka, uliza kwa nini. Thamostati nyingi za Toyota hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kwa hiyo gari lenye nayo hupata joto lake na kulishika. Baadhi ya Toyota ndogo hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu inayozimika injini ikishapata joto. Taa hiyo ikichelewa sana kuzimika, au ikirudi mkiwa mwendo kasi, thamostati ina hitilafu au haipo.

"Hakuna taa iliyowaka kwenye dashibodi"

Kwenye swichi ON, kabla ya kuwasha, taa ya injini, ya ABS na ya eabegi lazima ziwake. Isiyowaka kabisa huenda imechomolewa. Zikizimika mbili kwa sekunde ileile, huenda moja imeungwa na nyingine. Fundi mwenye mashine ya kupima mara nyingi huweza kuona kama makosa yamefutwa siku za karibuni.

"Ni Toyota, haisumbui"

Toyota nazo hutofautiana kwa injini. Injini za 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni zinazoziba. Liache gari silensa, yaani linguruma bila kukanyaga mafuta, dakika kadhaa, kisha mwenzako akanyage mafuta wewe ukiwa nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli inayozidi. Mweupe mzito usiokoma ni maji yanayoingia kwenye silinda, tofauti na mvuke mwepesi wa asubuhi.

"Gia zinasita kwa sababu hydraulic imepungua"

Hydraulic, yaani mafuta ya giaboksi ya otomatiki, haiungui kama petroli. Imepungua kwa kuwa inavuja. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, kuibadilisha hakutafufua giaboksi iliyokwisha kulika. Giaboksi za CVT (otomatiki zisizo na gia za hatua) zina mafuta yake, na kuzijazia ya kawaida huziua. Kanyaga breki, toka N kwenda D, kisha R: gia ishike mara moja bila kishindo. Halafu endesha angalau nusu saa, foleni na mwendo kasi vyote, maana giaboksi nyingi husita zikishapata moto.

Kona kali ukisikia tak-tak-tak, joint za mguu (viungo vya shafti inayozungusha tairi) zimelika. Tairi lililolika upande mmoja linataka uangalie bushi na shokapu.

"Lina bima na stika ya ukaguzi"

Hizo hazielezi hali ya gasketi wala giaboksi. Nenda na fundi wako mwenyewe, asiyejuana na dalali, na umlipe hata akikuambia usinunue. Kabla ya kutoa arubuni, linganisha namba ya injini na ya chesisi na zilizo kwenye kadi. Injini ikiwa imebadilishwa na kadi haijarekebishwa TRA, mwachie muuzaji kazi hiyo aimalize kwanza.