Penseli Pambizoni, Kisha Funga Kitabu

Wiki ya pili ya muhula mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliniletea kitabu chake cha historia. Ninafundisha stadi za kujifunza katika chuo kimoja hapa Dodoma, na kazi yangu kubwa ni kuwasaidia vijana wasome kitu kikabaki kichwani. Kurasa zilikuwa zimepigwa hailaita ya njano, ya pinki na ya kijani, hadi maneno yaliyobaki meupe yakawa machache. "Nimekisoma mara mbili, mwalimu." Nikakifunga, nikamwomba anieleze sura ya tatu. Alianza sentensi moja, akanyamaza, akabaki anatazama jalada.

Kijana yule si mvivu. Alifanya wanachofanya wengi, ila kupaka rangi ni kazi ya jicho na mkono. Akili inaweza kuwa imekaa stendi ya Nanenane inasubiri basi, na mstari bado ukanyooka vizuri.

Nikampa penseli, tukarudi kwenye ukurasa mmoja. Ulieleza Reli ya Kati: Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Miaka yote mitatu ilikuwa ya njano. Nikamuuliza, 1905 inakukumbusha nini kingine? Akafikiri kidogo. "Majimaji?" Basi hilo ndilo la kuandika pambizoni: *1905, Majimaji pia!* Chini yake akaongeza swali lake mwenyewe: *Kusini kunawaka, huku nani wanabeba mataruma?* Hapo mwaka umepata jirani. Umefungwa kwenye jambo alilolijua tangu shule ya msingi, na swali lake litamfanya asome kurasa zinazofuata akitafuta jibu.

Kipimo changu cha alama ya pambizoni ni hicho tu: je, kuna neno lako pale? Mimi huweka alama ya kuuliza ninapotilia shaka, alama ya mshangao kwa jambo jipya, na duara kwenye neno nisilolijua. Sihitaji alama nyingine. Wapo wanaoona kuandika kitabuni ni kukivunjia heshima, nami nawaelewa, maana vitabu ni ghali. Lakini waliopita madrasa wanaijua hashiya, yale maelezo ya wanazuoni yaliyoandikwa kuizunguka matini. Wale waliandika pembeni kwa sababu walikiheshimu kitabu kiasi cha kujibizana nacho.

Pamoja na hayo, pambizo peke yake haitoshi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na usomaji nao ni mali. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo yake mwaka 1885: baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya kazi aliyoifanya ilikuwa imepotea. Tunachosoma sisi kina maana, kwa hiyo hushika zaidi ya silabi zake, ila usahaulifu nao huanza mapema hivyohivyo.

Dawa yake wengi hawaipendi, kwa kuwa inachosha. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivirudia kuvisoma. Wengine walifunga, wakaandika walichokumbuka. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma ndio waliofanya vizuri. Wiki moja baadaye mambo yakageuka, waliojikumbusha wakawa mbele. Hizo dakika tano ndizo zinazowaponza wanafunzi wangu. Ukimaliza kurudia sura unajisikia umeiva, unafunga taa, unalala.

Kwa hiyo daftari langu la usomaji, kaunta buku ya kwaya mbili, lina sharti moja: kitabu kinafungwa kabla sijalifungua. Naandika tarehe, jina la kitabu, kurasa nilizosoma, kisha ninachokumbuka kwa maneno yangu. Wakati mwingine ni mistari minne. Baada ya hapo nafungua kitabu na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Nilipoisoma sura ileile ya reli niliandika *Tabora 1913*. Nikaikata, nikaandika 1912 kwa wekundu, na mpaka leo mwaka huo haunipotei, kwa sababu nauona pamoja na kosa langu.

Kuna jambo dogo lenye faida kubwa: upande wa kushoto wa ukurasa naacha nafasi ya vidole vinne, naandika maswali tu. *Reli ilichukua miaka mingapi kufika Kigoma?* Keshokutwa, halafu wiki ijayo, halafu mwezi ujao, naziba upande wa kulia kwa kiganja na kujibu kwa sauti. Dakika kumi zinatosha, na mimi huzipata asubuhi kabla jua la Dodoma halijakaza.

Kitabu cha kuazima au cha maktaba hakiguswi kwa penseli wala kwa kalamu. Kata vipande vya karatasi vyembamba, andika neno lako juu yake, chomeka kwenye ukurasa, na siku ya kukirudisha hamishia yote daftarini pamoja na namba za kurasa. Namba usiziache. Nimewahi kutumia alasiri nzima nikitafuta aya niliyokuwa nimeinakili bila ukurasa.

Kwa sababu hiyohiyo kurasa nne za mwanzo za kaunta buku huwa naziacha wazi kwa ajili ya faharasa. Kila ninapomaliza kuandika narudi mbele na kujaza. Ya mwaka huu, kwenye herufi R, inasomeka hivi: *Reli ya Kati, 12, 31, 47. Tazama pia Majimaji.*