Je, wajua kwa nini hojaji haiwezi kumwambia mwanafunzi yeye ni kiongozi wa aina gani?

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mlezi wa klabu ya uongozi katika shule moja ya upili huku Eastlands, Nairobi, na kila Januari nilianza kwa jambo lilelile: hojaji ya kurasa mbili. Jibu maswali 20, jumlisha alama, kisha soma chini kama wewe ni kiongozi wa kuamuru, wa kushirikisha au wa kuwaachia watu wajiendeshe. Karibu kila mwanafunzi alisoma jibu lake akakubali kwamba ndivyo alivyo. Nami nikaamini kule kukubali kwao ndiko ushahidi kwamba hojaji imepatia.

Haukuwa ushahidi. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, halafu akamrudishia kila mmoja maelezo “yake” na kumwomba ayape alama, kutoka 0 hadi 5, kwa jinsi yalivyomfaa. Wastani ulikuwa 4.26. Ndipo akawafunulia kwamba wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale, tena sehemu kubwa ameyatoa kwenye kitabu cha unajimu. Niliposoma habari hiyo nilirudia hojaji yangu. Mstari mmoja ulisema: “Unapenda kusikiliza wenzako, ila wakati mwingine hulazimika kuamua peke yako.” Nitajieni mtu mmoja ambaye maneno hayo hayamhusu.

Lililoniuma zaidi ni kwamba jina likishatolewa hung’ang’ania. Mvulana mmoja aliyepata “wa kuamuru” alizidi kuwafokea wenzake muhula mzima, na nilipomwita kumkanya akanijibu kwa heshima kabisa: “Mwalimu, si ndivyo nilivyo?” Nilikosa la kumjibu, kwa sababu karatasi ile nilimpa mimi.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba mtindo wa uongozi ni kama kimo, kitu ambacho mtu anacho popote aendapo, kinachongoja kupimwa tu. Mwaka huohuo wa 1948 mtafiti wa uongozi wa Marekani, Ralph Stogdill, alipitia tafiti 124 kuhusu sifa za viongozi, na akahitimisha kwamba anayeongoza vyema katika hali moja si lazima aongoze vyema katika nyingine.

Majina yale matatu yenyewe yanatokana na kazi ya mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake, Ronald Lippitt na Ralph White, waliyoichapisha mwaka 1939. Katika jimbo la Iowa waliunda vilabu vidogo vya wavulana wa umri wa miaka 10 hivi, wakawapa kazi za mikono kama kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni. Mtu mzima yuleyule aliongoza kwa amri katika kikundi kimoja, kisha akaongoza kwa kushirikisha katika kingine. Hapo tayari wazo la kimo limeanguka.

Lakini sehemu ninayoipenda kuliko zote ni pale kiongozi alipotoka chumbani. Katika vikundi vilivyotii amri kwa unyenyekevu, alipokuwepo wavulana walitumia karibu robo tatu ya muda wao kufanya kazi. Alipotoka, muda huo ukashuka chini ya theluthi. Katika vikundi vya kushirikishwa ulikuwa kama nusu alipokuwepo, na alipotoka ukabaki karibu palepale.

Fikiria mkokoteni uliojaa viazi ukipandishwa mlima kuelekea soko la Wakulima. Nguvu yote iko mikononi mwa anayesukuma. Akiachilia kidogo tu, unasimama, au unamrudia. Sasa fikiria matatu kwenye mlima huohuo: utingo akishuka kuita abiria, gari haliishiwi nguvu, maana injini imo ndani yake. Swali la kumuuliza kiongozi kijana basi ni hili: injini umeiweka wapi? Na jibu lake huonekana akiwa hayupo.

Tusiyabebe matokeo haya kama sheria. Vikundi vilikuwa vichache, vya wavulana watupu wa mahali pamoja, na Lewin, Myahudi aliyeihama Ujerumani mwaka 1933, alikuwa na kila sababu ya kuuchukia udikteta. Tena bweni likishika moto, hatutaki kiranja anayekusanya maoni.

Hata hivyo, jaribio la mlango, yaani kumtoa kiongozi nje na kuona kazi inaendeleaje, ndilo nililolichukua badala ya hojaji. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye karatasi ilimwita “wa kushirikisha”, alisimamia maandalizi ya ukumbi kwa siku ya wazazi. Aliomba maoni ya kila mtu, tena kwa upole. Nilimwita nje kwa dakika 10. Tuliporudi, wenzake 12 walikuwa wamesimama na mifagio yao, kimya. Orodha ya kazi ilikuwa mfukoni mwake, na ufunguo wa stoo pia. Niliwauliza maswali mawili tu: mlijua kazi inayofuata ni ipi? Mngefanya nini asingerudi? Sikuhitaji kumweleza lolote. Aliyasikia majibu kwa masikio yake.

Wiki iliyofuata orodha ilibandikwa mlangoni, na ufunguo ulikuwa kwa mwenzake mmoja. Nilimwita tena. Safari hii tulisimama dirishani tukiwatazama wakibishana kuhusu upana wa njia kati ya viti, wakapima kwa hatua, wakaendelea kupanga.

“Kwa hiyo mwalimu, mimi ni wa aina gani?”

Nilimwambia afungue daftari, aandike tarehe na alichokiona dirishani, halafu aache nafasi chini yake, kwa sababu Ijumaa inayofuata angeongoza Kidato cha Kwanza, watoto waliokuwa hawajamaliza hata wiki tatu shuleni.