Je, wajua kwa nini gitare ya zamani haitaki kamba nene?

Baba mukubwa wa mutaa ya Katuba aliniachia gitare yake ya mbao, na kitu ya kwanza nilifanya ni kuivalisha kamba mpya namba 13 (namba ikiwa kubwa, kamba ni nene), juu watu walikuwa wananiambia nene njo inalia vizuri. Miezi michache tu tumbo ya gitare ikavimba nyuma ya chevale (kile kibao chenye kushika kamba juu ya tumbo), na chevale yenyewe ikaanza kubanduka. Iliniuma sana.

Kumbe kamba za chuma zikishaakordiwa, maana yake kukazwa mpaka zitoe sauti sawa, zinavuta usiku na mchana, hazipumziki. Zote sita pamoja, seti ya 13 inavuta karibu kilo 84, ya 12 kama 74, ya 10 kama 60 hivi. Sasa wewe waza mufuko ya simenti ya kilo 50, uongeze tena karibu kilo 35 juu yake, na vyote vinavuta ubao wa milimita 3 tu, tena ule wa gitare imezeeka, gundi yake imechoka, na kiangazi ya hapa Lushi (Lubumbashi) kila mwaka inaikausha mbao mpaka inapasuka.

Njo maana ya zamani uipatie 10 ao 11. Na ukiishusha sauti nusu tone (hatua moja ndogo ya sauti), mvuto unapungua karibu asilimia 11, tone nzima karibu 20, bila kununua kitu. Sauti itakuwa ndogo kidogo, lakini kwa kupiga na vidole inatosha kabisa, na Katanga ni inchi ya vidole: Mwenda Jean-Bosco, mupiga gitare ile Hugh Tracey, mutafiti wa muziki, alimurekodi 1952 huko Jadotville, leo Likasi, kidole gumba na cha shahada vilimutosha.

Ila angalia kwanza, kama shingo ni pana na kichwa iko na matundu mawili marefu, ile ni ya nilon, chuma usiweke hata siku moja!

Kamba nene za chuma zinazungushiwa bronzi: ile ya 80/20, maana yake shaba 80 na zinki 20, inalia wazi, ya fosforo inalia na joto zaidi. Hapo chagua na masikio yako, mvuto haubadiliki sana.

Yangu fundi alibandika chevale upya, nimeweka 10, naiakorde nusu tone chini, na kila mwezi napitisha rula juu ya tumbo nione kama imetulia.