Vyeti vyote kabla ya kuomba kazi?

Nairobi wengi bado huamini kwamba usijisumbue kuomba kazi kwenye tovuti za ajira kama BrighterMonday au Fuzu kabla ya kuwa na cheti cha polisi cha mwenendo mwema, cha KRA (kodi), HELB (mkopo wa elimu ya juu), EACC (maadili na kupambana na ufisadi) na CRB (rekodi ya mikopo). Sivyo. Tangu 2022, sheria ya ajira ya Kenya inamkataza mwajiri kudai vyeti hivyo ikiwa hajakusudia kukupa mkataba wa maandishi. Tuma wasifu na barua; hela za vyeti afadhali ziwe nauli ya kwenda usaili.

Ukishaahidiwa kazi, anza na cha polisi, ndicho hukawia. Lipia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, chapisha fomu ya C24 (ya alama za vidole) pande mbili za karatasi moja (ukileta karatasi mbili utarudishwa), kisha ukachukuliwe alama za vidole Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, kwa mfano cha GPO (posta kuu) jijini.