Kitambi: cha nje, cha ndani, na kile ambacho si kitambi

Kitambi ni tumbo lililotokeza kwa sababu ya mafuta. Kwa mazungumzo ya kijiweni maana hiyo inatosha. Kwa afya haitoshi, kwa sababu tumboni mafuta hukaa sehemu mbili zisizofanana. Kuna yaliyo chini ya ngozi, yale unayoweza kuyafinya kwa vidole na yanayojikunja ukikaa. Na kuna yaliyo ndani kabisa, nyuma ya misuli, yamezunguka utumbo na ini. Aliyewahi kumpasua mbuzi aliyenona anayajua: ni ule utando mweupe kama wavu unaofunika utumbo. Binadamu naye anao, na ukijaa husukuma misuli mbele. Ndiyo maana kuna kitambi kigumu kama ngoma, ambacho mwenyewe hukipigapiga akisema hayo si mafuta, ni misuli. Mara nyingi ni mafuta, tena ya ndani.

Ya ndani yana madhara zaidi kwa sababu ya mahali yalipo. Damu inayotoka kwenye utumbo hairudi moja kwa moja kwenye moyo. Hupita kwanza kwenye ini kwa mshipa mmoja mkubwa. Asidi za mafuta kutoka kwenye wavu ule huingia mshipa huohuo. Ini likijaa mafuta haliitikii tena vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, likaendelea kumwaga sukari kwenye damu hata mtu akiwa ameshiba. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi, na miaka ikipita huchoka. Hivyo ndivyo kisukari cha aina ya pili kinavyomfikia mtu polepole, na shinikizo la damu huja nacho bega kwa bega. Mafuta ya mapajani na makalioni hayapiti njia hiyo. Yakishawekwa huko hutulia kama mahindi ghalani. Homoni za kike huyapeleka huko mpaka hedhi inapokoma, kisha huanza kuhamia tumboni. Wanaume hawakujaliwa nafuu hiyo.

Macho ya watu hayatazami hayo. Yanatazama ukubwa wa mtu mzima, na lugha yetu imeyaunga mkono: kumtuliza mwenye wasiwasi tunamwambia "usikonde". Aliyeongezeka baada ya harusi ameambiwa amenawiri, ndoa imemkubali. Aliyepungua anaulizwa anaumwa nini. Woga wa wembamba ulizidi miaka ya 1980, Ukimwi ulipoenea kando ya Ziwa Viktoria, Rakai upande wa Uganda na Kagera upande wa Tanzania. Waganda waliuita "Slim" kwa jinsi ulivyomkondesha mgonjwa. Tangu hapo wapo wanaochagua mpenzi kwa jicho tu: bonge ni salama, kimbaumbau ana mashaka. Hesabu hiyo ilikuwa mbovu hata wakati ule, kwani mtu huweza kuishi na virusi kwa miaka bila kupungua. Leo ni mbovu zaidi. Anayemeza dawa za kufubaza virusi hunawiri kama mwingine yeyote, na dolutegravir, iliyomo kwenye vidonge vinavyotumiwa na wengi sasa, inajulikana kuwaongezea watu uzito, hasa wanawake. Aliyetumia dawa vizuri hadi virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Wa kuhofiwa ni asiyejua hali yake, na huyo hana umbo maalumu.

Kupenda bonge au kupenda modo ni ladha, na ladha haihitaji cheti cha daktari. Tatizo ni pale ladha inapovaa koti jeupe: nampenda mwembamba kwa kuwa ana afya, mnene ni mvivu. Chukua wanawake wawili, kila mmoja ana mita 1.60 na kilo 72. Gawa kilo kwa 1.60 mara 1.60, utapata 28. Ndiyo BMI, kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu. Kawaida ni kuanzia 18.5 hadi chini ya 25, na unene wa kupindukia huanzia 30, kwa hiyo wote wawili wamezidi. Lakini mmoja ni namba nane, kiuno sentimita 76, na mwingine ana miguu myembamba na kiuno 98. BMI moja, hatari mbili. Yupo na wa tatu, urefu huohuo, kilo 60, BMI 23, anayesifiwa kila aendako kwa kujitunza. Kiuno chake ni 86. Huyu hakuna anayemshauri akapime sukari.

Kupima kiuno kunahitaji futi ya fundi cherehani tu. Simama bila nguo tumboni, miguu ikiachana kidogo. Papasa ubavuni upate mwisho wa mbavu, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Pima katikati ya hapo. Futi izunguke ikiwa sawasawa mbele na nyuma, iguse ngozi bila kuibana. Toa pumzi kawaida, soma. Rudia, majibu yakitofautiana zaidi ya sentimita moja, anza upya. Kosa la wanaume wengi ni kusoma kiuno kwenye lebo ya suruali. Mtu anavaa 34 tangu chuoni na anajivunia, kumbe suruali imeshuka chini ya kitambi na kinachopimwa ni nyonga.

Hatari huanza kuongezeka kwenye sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na huwa kubwa kuanzia 102 na 88. Viwango hivyo vilitokana na Wazungu. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilielekeza vile vya 94 na 80 vitumike pia kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara hadi vipatikane vyao. Kwa wenye asili ya India, mwanamume huhesabiwa kuanzia 90. Asiyetaka kukariri atumie nusu ya urefu wake: mwenye sentimita 170 kiuno kisifike 85. Ukivuka, pima presha na sukari kabla ya kula. Presha ya 140/90 ikijirudia, au sukari ya 7.0 mmol/L na kuendelea, ni ya kupeleka kwa daktari. Mkanda wa kubana tumbo husogeza nyama tu, na chai nyingi za kupunguza tumbo zina dawa ya kuharisha: kinachopungua ni maji.

Kuna matumbo yanayoitwa kitambi bure. Uvimbe wa kizazi hukaa chini ya kitovu, mgumu, mara nyingi pamoja na hedhi nzito. Maji ya tumboni yatokanayo na ini kuharibika, au na kichocho cha muda mrefu kwa wakazi wa kando ya ziwa, hulijaza tumbo kwa wiki chache huku mikono na mashavu yakikonda, na miguu huweza kuvimba. Mwenye tumbo la namna hiyo aende hospitali, na mazoezi yasubiri.