Mnara wa Pisa: tunayoambiana kumbe sio

Watu kibao wanapiga picha kama wanausukuma kwa mikono ule mnara ulioinama na hata hawajui ni wa nini. Sio ngome wala kasri, ni mnara wa kengele wa kanisa kuu la Pisa, Italia, na kanisa lenyewe liko hapo hapo pembeni. Kengele ziko 7, kubwa kuliko zote inaitwa L'Assunta, ya katikati ya karne ya 17, tani tatu na nusu hivi. Na wanaodhani zimenyamazishwa, hapana, zinalia, ila hazibembei tena, zinagongwa na nyundo za umeme.

Halafu hii ya kwamba ulijengwa umenyooka ukaja kuinama uzeeni. Wapi! Kazi ilianza 1173, wamefika ghorofa ya tatu tu msingi ukaanza kuzama, maana udongo wa pale ni laini na msingi walichimba kama mita 3 tu. Vita vikaingia, kazi ikalala karibu miaka 100, na hiyo ndo ikawa bahati yao sababu udongo ulipata muda wa kushikana, wangejenga mfululizo ungeshaanguka kitambo. Waliporudi 1272 mafundi wakafanya ujanja, upande ulioshuka wakaujengea ukuta mrefu zaidi ili ulingane na mwenzake, ndo maana ukiuangalia vizuri haujainama tu, umepinda kidogo kama ndizi. Chumba cha kengele kikaja kukamilika 1372, yaani karne mbili nzima!

Na ile hadithi ya Galileo, mwanasayansi wa zamani wa Italia, kudondosha mipira kutoka juu ya mnara aliiandika mwanafunzi wake Viviani, wanahistoria wengi hawaiamini.

Wengine wanasema unazidi kulala kila mwaka. Zamani ndio, tena Mussolini, dikteta wa Italia enzi hizo, aliagiza unyooshwe, wakatoboa msingi wakamimina saruji, ukazidi kuinama, kazi bure kabisa. Ulifungwa 1990, mainjinia wakawa wanatoa udongo kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini, ule ulioinuka, mpaka ukarudi kutoka nyuzi 5.5 hadi karibu 4, ukafunguliwa tena 2001.

Na usiseme mtetemeko mmoja tu unauangusha. Umeshapitia mikubwa isiyopungua 4 tangu 1280, na wataalamu walieleza 2018 kwamba mnara mrefu mgumu juu ya udongo laini hautikisiki kwa mdundo mmoja na ardhi, kwa hiyo udongo ule ule uliouinamisha ndo umeubakisha umesimama.