Nukta kwanta na infraredi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Nukta yoyote ukiikuza vya kutosha itatoa infraredi, yaani mwanga usioonekana wenye wimbi refu kuliko wekundu.

Hii ndiyo inayopotosha wengi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Nukta kwanta ni punje ya nusu-kipitishi (dutu inayopitisha umeme kwa kiasi, kama silikoni) yenye upana wa nanomita chache. Elektroni ikibanwa humo, pengo la nishati, yaani kiasi inachotoa kama mwanga ikishuka, hupanuka na mwanga huwa wa wimbi fupi. Punje ikikua, wimbi hurefuka. Lakini kubanwa huongeza pengo tu. Hakuwezi kulishusha chini ya lile la donge kubwa la dutu ileile. Selenaidi ya kadimiamu ina pengo la elektrovolti (kipimo cha nishati) 1.74 hivi, basi hata iwe jiwe zima, mwanga wake unakomea karibu na nanomita 710, ukingoni mwa wekundu.

Kwa hiyo dutu huchaguliwa kwanza, ukubwa baadaye. Salfaidi ya risasi ina pengo la 0.41, sawa na wimbi la nanomita 3,000; punje zake za nanomita 3 hufyonza karibu na 950, na zikikua hupita 1,500. Teluraidi ya zebaki, ambayo donge lake halina pengo kabisa, huenda mbali zaidi.

Dhana: Infraredi ni joto, hivyo nukta hizi huona joto la mwili.

Mwili wa binadamu hung'aa zaidi karibu na nanomita 10,000. Huko nukta za salfaidi ya risasi hazioni kitu. Zinachopokea ni mwanga wa jua au taa ulioakisiwa na vitu, na faida yake ni kubwa: silikoni, dutu ya vihisio vya kamera za kawaida, huishia nanomita 1,100, nazo huendelea pale inapokoma.

Dhana: Zote hupikwa kwenye chupa ya maabara.

Njia ya chupa ilipata nguvu mwaka 1993 kwa kazi ya Moungi Bawendi, aliyeshiriki Nobeli ya Kemia ya 2023 na Louis Brus na Aleksey Yekimov. Ipo nyingine. Asenaidi ya indiamu ikioteshwa juu ya asenaidi ya galiamu, nafasi kati ya atomu zake huzidi za chini kwa asilimia 7 hivi. Mkazo huo huikunja tabaka kuwa visiwa vidogo, na visiwa hivyo ndivyo nukta. Leza zake za nanomita 1,300 hutumika kwenye nyuzi za mawasiliano.

Dhana: Ukubwa ukiwa sahihi, nukta itang'aa.

Katika punje ndogo hivi, sehemu kubwa ya atomu iko usoni, na zile zisizofungwa hunasa elektroni kabla haijatoa mwanga. Ndiyo maana nukta hufunikwa kwa ganda na molekuli ndefu kama asidi ya oleiki. Kwenye infraredi hata kinga hiyo ina gharama: mitetemo ya vifungo vya kaboni na hidrojeni hunyonya nishati ileile, na urefu wa molekuli huzuia umeme kuruka toka punje hadi punje. Wanaotengeneza vihisio hubadilisha molekuli hizo kwa fupi zaidi.